Mpira uliochakaa na udongo wa kichuguu: mrushaji wa kriketi anahitaji nini

Tarehe 26 Aprili 2024, kwenye uwanja wa Eden Gardens mjini Kolkata, wenyeji walipiga mikimbio 261 katika ova 20 (maneno ya mchezo huu nitayaeleza punde). Punjab Kings wakajibu kwa 262, wakapoteza wiketi mbili tu, na mirusho minane ikabaki bila kutumika. Mara 42 mpira ulivuka mpaka bila kugusa chini. Tarehe 9 Juni mwaka huo huo, katika Kombe la Dunia la ova 20, India walitolewa wote mjini New York kwa mikimbio 119, na bado wakaifunga Pakistan kwa tofauti ya sita. Arshdeep Singh, mrushaji wa mkono wa kushoto, alicheza mechi zote mbili. Mkono ulikuwa ule ule, na mpira mweupe ulikuwa wa aina ile ile. Kilichobadilika zaidi ni ardhi aliyorushia.

Hapa Lubumbashi, mji wa Mazembe, kriketi haina umati. Inafuatwa kwenye simu, inazungumzwa katika maduka ya Wahindi katikati ya mji, na kijana wa Katuba au Kampemba akiiona kwenye skrini huuliza swali la haki kabisa: huyu anayerusha ana kazi gani, ikiwa kila anachorusha kinapelekwa nje ya uwanja? Swali hilo linawasumbua hata wanaoutunga mchezo wenyewe. Naona wengi wanalijibu kwa kuhesabu mikimbio, na hapo ndipo wanapopotea. Mizani haipimwi kwa wingi wa mikimbio. Inapimwa kwa jambo moja: je, mpira na ardhi vinampa mrushaji hodari njia ya kumtoa mpigaji hodari, au vinamwachia angoje tu mpigaji akosee?

Kwa aliyezoea mpira wa miguu peke yake, mambo ni haya. Mpigaji anasimama na gongo mbele ya vigingi vitatu vyenye kimo cha sentimita 71. Mrushaji anarusha kutoka upande wa pili wa njia ngumu iitwayo pichi, mita 20 na sentimita 12 kutoka vigingi hadi vigingi. Mirusho sita halali ni ova moja. Mpigaji akipiga na kukimbilia upande wa pili anapata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kubiringika ni minne, ukivuka hewani ni sita. Vigingi vikigongwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, au mguu ukiuzuia mpira uliokuwa unakwenda kwenye vigingi, mpigaji anatoka, na hiyo ndiyo wiketi. Zikianguka kumi, zamu ya ekipe imekwisha.

Ubao wa matokeo unadanganya mara nyingi. Tarehe 23 Oktoba 2024 mjini Nairobi, Zimbabwe walipiga 344 dhidi ya Gambia katika ova 20, kisha Gambia wakatolewa kwa 54. Hiyo si habari ya mizani ya kupiga na kurusha, ni habari ya ekipe mbili zisizolingana. Habari ya mizani ni ile ya Kolkata, ambapo warushaji wanaolipwa vizuri na wenye kila ujuzi walirusha ova 38 na zaidi bila mpira kufanya lolote hewani wala chini.

Ngozi inayozeeka

Tuanze na mpira wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mrushaji aliponyang'anywa mali yake kubwa kuliko zote.

Mpira wa kriketi ya wanaume una uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Ni kokwa ya koki na uzi iliyofunikwa ngozi, na katikati unazungukwa na mshono ulionyanyuka kidogo. Ukiwa mpya, mrushaji anaushika mshono ukiwa wima, anauelekeza pembeni kidogo, na kuuachia bila kuuyumbisha. Upande mmoja hewa inateleza juu ya ngozi laini na kuachana na mpira mapema. Upande wa pili mshono unaivuruga hewa, na hewa iliyovurugwa hung'ang'ania ngozi kwa muda zaidi. Mpira unapinda kuelekea upande ule mshono unakoelekea. Kasi inayofaa zaidi kwa hili ni ya wastani, kama kilomita 110 hadi 130 kwa saa. Ndiyo maana wapo warushaji wasio na mbio kubwa ambao mpira mpya ukiwa mkononi mwao unatisha.

Mpira ukichakaa, mambo hugeuka. Ekipe inaulinda upande mmoja kwa kuufuta na kuutia jasho, na upande wa pili inauacha ukwaruzike na kukauka kabisa. Akishika mtu mmoja tu upande mkavu kwa kiganja chenye maji, kazi ya ova kumi imeharibika. Kwa hiyo ekipe makini humrudishia mrushaji mpira kwa ncha za vidole, na walinzi, wale wanaodaka na kurudisha mpira, wakiwa na viganja vya jasho hawaruhusiwi kuushika ovyo. Mpira huo ukirushwa kwa kasi kubwa, hewa inavurugika pande zote mbili kabla haijaufikia mshono, na mshono badala ya kuivuta hewa unaifanya iachane mapema. Mpira unapinda kinyume: unakwenda upande unaong'aa, tena unachelewa kugeuka, mpigaji akiwa ameshaamua. Sarfraz Nawaz na Imran Khan wa Pakistan waliikuza sanaa hii, Wasim Akram na Waqar Younis wakaifanya silaha. Katika fainali ya Kombe la Dunia la 1992 mjini Melbourne, Wasim aliwaangusha Allan Lamb na Chris Lewis kwa mirusho miwili mfululizo, na fainali ikaegemea Pakistan.

Mwezi Oktoba 2011, katika mechi za ova 50, ilianza kutumika mipira miwili mipya, mmoja kila upande wa pichi. Sababu ilikuwa nzuri: mpira mweupe unachafuka na wapigaji hawauoni vizuri mwishoni. Lakini hesabu ni rahisi. Kila mpira ulifikisha ova 25 tu mechi inapokwisha. Ngozi haikupata muda wa kuzeeka, kupinda kinyume kukawa nadra, na mrushaji wa kuzungusha, yule anayeuzungusha mpira mkononi ili ugeuke ukitua, akapewa mpira mgumu unaoteleza kidoleni. Juu ya hayo, mpira mgumu huruka mbali zaidi ukikutana na gongo. Mwaka mmoja baadaye ikaamuliwa kwamba sehemu kubwa ya mechi walinzi wanne tu ndio wakae nje ya duara la mita 27. Mwaka 2015 waliruhusiwa watano, lakini kwa ova kumi za mwisho pekee. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, unaelewa jinsi Uingereza walivyofikisha 481 dhidi ya Australia mwaka 2018 na 498 dhidi ya Uholanzi mwaka 2022.

Julai 2025 sheria ilirekebishwa. Mipira miwili inatumika hadi ova ya 34, kisha ekipe inayorusha inachagua mmoja wa kumalizia. Mpira huo unakuwa na ova 17 ukichaguliwa, na unafika 33 mwishoni. Naona hili ni badiliko jema kuliko yote ya miaka hii, na uzuri wake ni kwamba halikumgusa mpigaji hata kidogo. Hakupunguziwa gongo wala hakusogezewa walinzi. Mrushaji alirudishiwa tu kitu cha kufanyia kazi.

Mengine nitayapita haraka. Magongo yalinenepa kwa sababu mafundi walijifunza kukausha mti wa willow hadi ukawa mwepesi, hivyo unene ukaongezeka bila uzito kuongezeka. Tangu Oktoba 2017 ukingo wa gongo hauruhusiwi kuzidi milimita 40, na unene wa katikati milimita 67. Kipimo hicho kilizuia hali isizidi kuwa mbaya, hakikurudisha ya zamani. Mate yalipigwa marufuku kwenye mpira Juni 2020 kwa sababu ya Korona, na mwaka 2022 marufuku hiyo ikaingizwa kwenye sheria za kudumu. Jasho bado linaruhusiwa. Mrushaji akikanyaga mbele ya mstari katika mechi fupi, mrusho unaofuata mpigaji hupiga bila hofu ya kudakwa wala kugongewa vigingi. Adhabu hiyo naiona kubwa mno kwa kosa la sentimita mbili.

Kwa upande wa pili, picha za kufuatilia mpira zilimpa mrushaji wa kuzungusha haki aliyonyimwa miaka mingi. Zamani mpigaji alinyoosha mguu mbele na mwamuzi akamwachia kwa sababu ya shaka. Siku hizi kompyuta inaonyesha mpira ungegonga vigingi, na waamuzi wenyewe wamejifunza kunyoosha kidole, ishara ya kumtoa mpigaji.

Msaada na bahati nasibu

Wanaolalamika kuhusu mikimbio mingi huishia kudai pichi mbovu, na hapo siwafuati.

Januari 2024 mjini Cape Town, mechi ya Test, ile ndefu ya siku tano, kati ya Afrika Kusini na India ilikwisha kwa mirusho 642, mechi fupi kuliko zote zilizopata mshindi katika historia ya Test. Afrika Kusini walitolewa kwa 55. India walikuwa 153 kwa wiketi nne, wakapoteza sita za mwisho bila kuongeza hata mkimbio mmoja. New York pia, siku chache kabla ya mechi ya Pakistan, Rohit Sharma aligongwa mkononi na kuondoka uwanjani. Katika pichi hizo mipira miwili iliyotua mahali karibu pamoja iliruka kimo tofauti kabisa: mmoja magotini, mwingine kifuani.

Hiyo haimsaidii mrushaji, inampa zawadi asizozifanyia kazi. Mpira unaopinda, unaogeuka ukitua, au unaoruka juu mahali pagumu, una kanuni. Mpigaji hodari anaweza kuusoma mkononi mwa mrushaji na kujibu. Mpira unaoruka kwa ufa wa udongo hausomeki na yeyote. Ndiyo maana namsifu zaidi Frank Nsubuga wa Uganda, aliyekuwa na umri wa miaka 43 katika Kombe lile la Dunia la Juni 2024. Kule Guyana, kwenye pichi ya polepole iliyoshika mpira, alirusha ova nne za kuzungusha dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Papua walikwama kwenye 77, na Uganda wakashinda kwa taabu, wiketi tatu zikiwa zimebaki. Kila mkimbio ulitafutwa kwa akili. Mechi ya 77 inaweza kuwa na mizani safi, na ya 261 inaweza kukosa kabisa.

Katika fainali ya kombe hilo, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 30 kwa mirusho 30, na wiketi sita mkononi. Jasprit Bumrah akarusha ova ya 16 akatoa minne, kisha ya 18 akatoa miwili na kumwangusha Marco Jansen kwa mpira ulioingia ndani. India wakashinda kwa saba. Bumrah alimaliza mashindano na wiketi 15. Lakini tazama sheria inavyosema: mrushaji bora duniani haruhusiwi kurusha zaidi ya ova nne katika ishirini, yaani mirusho 24 kati ya 120. Mpigaji bora anaweza kubaki kuanzia mrusho wa kwanza hadi wa mwisho. Watu wanabishana kuhusu magongo na mipaka, na huku upungufu mkubwa kuliko yote umekaa kwenye mstari huo mmoja wa kanuni, nao hausemwi sana. Nitaurudia chini, kwa sababu kwenye tereni za mtaa unaweza kurekebishwa leo leo.

Udongo wa kwetu

Lubumbashi iko kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mpira unapinda pungufu hapa kuliko Durban, na ukipigwa unakwenda mbali zaidi. Johannesburg, kwenye mita 1,750 hivi, hali hiyo imezidi, na si ajabu kwamba huko ndiko Afrika Kusini walikofikisha 438 mwaka 2006 kuifukuzia Australia iliyokuwa imepiga 434. Kwa hiyo anayeanzisha kriketi hapa asitegemee hewa. Msaada wa mrushaji wa Katanga utoke chini, na utoke kwenye mpira.

Chini tuna utajiri. Pichi nzuri inataka udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, angalau robo ya udongo wote, ili ushikamane ukigandamizwa na ukauke kuwa mgumu bila kumomonyoka. Udongo wa vichuguu vikubwa vya kwetu una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayovizunguka, kwa sababu mchwa huupandisha kutoka chini. Wafyatua matofali wanalijua hilo siku nyingi, na kusini mwa Afrika udongo huo huo ulitumika kutengenezea viwanja vya tenisi. Tafuta kichuguu kilichohamwa na mchwa, na upatane kwanza na mwenye shamba, maana udongo huo una wanunuzi wake.

Upime kabla ya kulipa gari. Chukua udongo uliosagwa, ulowanishe kidogo, ukande vizuri, ufinyange viduara vya ukubwa wa gololi kubwa, kama sentimita mbili na nusu. Vikaushe kivulini siku nne au tano, visipigwe na jua la moja kwa moja kwa sababu vitapasuka nje kabla ya ndani kukauka. Kisha kiweke kimoja kati ya vibao viwili na mtu apande juu polepole. Kikivunjika kwa kubonyezwa na gumba, mchanga umezidi. Kikihimili karibu uzito wa mtu mzima mwembamba kabla ya kupasuka, udongo huo unafaa. Kikiwa hakipasuki kabisa, lakini kimesinyaa na kuonyesha nyufa, mfinyanzi umezidi: changanya na udongo wa kawaida mwekundu, sehemu moja kwa tatu, na upime upya.

Pichi ya urefu wa mita 23 na upana wa mita tatu, yenye tabaka la sentimita kumi, inameza karibu mita saba za ujazo baada ya kushindiliwa. Leta tisa na kitu za udongo uliolegea. Chekecha kwa wavu wa milimita tano au sita, kwa sababu kijiwe kimoja kikibaki kitaleta ile miruko ya Cape Town. Chimba ulipopima, ng'oa mizizi yote, usawazishe, kisha weka udongo kwa matabaka ya sentimita mbili hadi tatu. Kosa la kawaida ni kumwaga kumi zote kwa mara moja: juu panakuwa pagumu, chini pamelegea, na baada ya mvua ya kwanza pichi inabonyea kama godoro. Kila tabaka likwaruzwe juu kabla ya lingine kuwekwa, ili yashikane.

Roli ya kushindilia haihitaji kununuliwa. Pipa la lita 200 lililojazwa zege, na bomba la chuma limepita katikati, linafikia karibu kilo 500. Livutwe polepole, watu wanne, mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Saa ya kuvuta ndiyo siri yenyewe. Udongo ukiwa na maji mengi utanata kwenye pipa na kung'oka vipande. Ukiwa mkavu, pipa linapita juu bila kufanya kitu. Bonyeza kwa gumba: likiacha alama na udongo usinate kidoleni, vuta. Umwagilie jioni, vuta asubuhi, funika na turubai jua likipanda, rudia siku kadhaa hadi alama ya gumba isionekane.

Hapo mizani ya majira inaanza kufanya kazi yenyewe. Mwishoni mwa mvua, Machi na Aprili, unyevu unabaki ndani na warushaji wa kasi wanapata mpira unaochomoka kwenye mshono. Kufika Agosti, juu pamekauka na kuanza kuchubuka, na mrushaji wa kuzungusha anapata pa kuuma. Mwenye kutunza pichi asikimbilie kuziba kila mchubuko. Nyufa nyembamba za kawaida ziache. Kinachozibwa ni shimo na kingo zinazonyanyuka, kwa sababu hizo ndizo zinazomrushia mtu mpira usoni.

Wasio na nguvu ya kufanya yote haya hukimbilia zege. Zege ni salama na haliharibiki, lakini halibadiliki hata likichezewa mwezi mzima, na mrushaji anakuwa amenyang'anywa ardhi pia. Dawa yake ni jamvi la nyuzi za nazi au la juti lililotandazwa juu na kuvutwa kwa kamba na vigingi vya chuma. Mpira unashika kwenye nyuzi na kukata pembeni. Oktoba 1956 mjini Karachi, juu ya jamvi, Australia walitolewa kwa mikimbio 80, na Fazal Mahmood wa Pakistan akachukua wiketi 13 katika mechi hiyo. Jamvi likivutwa kwa nguvu, mpira ni wa kasi na wa kimo kimoja. Likilegezwa kidogo, mpira unapunguza mwendo na kugeuka zaidi. Lisilegezwe hadi likafanya mikunjo, na likazwe upya kila baada ya ova kumi, maana miguu ya warushaji inalisogeza.

Sasa mpira. Wa ngozi ni ghali, unahitaji kofia ya chuma na vikinga miguu, na kwenye tereni ya changarawe unakwisha kwa mechi moja. Watu wa Karachi walishatatua hili kwa mpira wa tenisi uliofungwa mkanda wa mafundi umeme, na Haris Rauf, mrushaji wa kasi wa Pakistan, alianza na mpira huo wa mkanda kabla ya kuushika wa ngozi. Nunua mpira wa tenisi mgumu wenye manyoya mazima, na mkanda wa upana wa milimita 19. Unahitaji mita moja na nusu hadi mbili. Zungusha mara moja katikati, zungusha ya pili ukikata msalaba, kisha jaza robo zilizobaki, kila utepe ukilalia mwenzake milimita tatu au nne. Vuta mkanda ukaze, lakini usiuvute hadi ukawa mwembamba, kwa sababu joto la mchana likiingia utajirudi na kukunjuka kingo. Fanya kazi hiyo ndani ya nyumba, mikono ikiwa safi: vumbi jekundu la kiangazi likiingia kwenye gundi, mkanda hautamaliza ova tatu. Mwisho ongeza tepe tatu nyembamba moja juu ya nyingine katikati ya mpira. Huo ni mshono wako, na mpira ukitua juu yake utachomoka.

Unaotaka kupinda hewani zaidi, funga nusu moja tu na uache manyoya upande wa pili. Hewa inateleza huku na kukwama kule, na mpira unapinda sana hata kwa mrushaji wa kasi ndogo. Ukiugeuza mkononi, upande wa kupinda nao unageuka. Kwenye kimo chetu hii ndiyo fidia nzuri kuliko zote. Lakini kwa wanaoanza nusu mkanda humwelemea mpigaji, basi utumike ova chache za mwanzo, kisha uje uliofungwa wote. Mpira wa mkanda hauruki juu sana, kwa hiyo mrusho wake mkuu ni yoka, ule unaotua miguuni kabisa mwa mpigaji. Anayeweza kuurudia mara tatu katika ova moja tayari ni mrushaji wa kuogopwa.

Kuna tatizo la uwanja. Tereni ya mpira wa miguu yenye mita 105 kwa 68 inakupa mita 52 mbele na 34 tu pembeni, ilhali kanuni za kimataifa za wanaume zinataka mpaka uwe angalau mita 59 kutoka katikati ya pichi. Ukihesabu sita kwa kila mpira unaovuka pembeni, umemfunga mrushaji mikono. Laza pichi kutoka goli hadi goli, na mpangane hivi: mpira ukivuka pembeni hewani ni mikimbio miwili, kwa kubiringika ni miwili pia, sita na nne zitafutwe mbele na nyuma peke yake. Mpigaji atalazimika kupiga kwa gongo lililonyooka, na gongo lililonyooka ndilo linalompa mrushaji nafasi ya kugonga vigingi likikosea.

Na ule mstari wa kanuni: katika mechi ya ova kumi, msiweke ova mbili kwa mrushaji. Wekeni tatu, hata nne ikiwa mna warushaji watatu tu wa kweli. Mtaona kapteni anaanza kufikiri: amtumie bora wake mapema wakati mpira ni mpya, au amfiche kwa ajili ya mpigaji mmoja? Adhabu ya kukanyaga mstari iwe mkimbio mmoja na mrusho wa kurudia, basi.

Mwandishi wa matokeo asiandike idadi ya wiketi tu, aandike zimepatikanaje. Zikiwa karibu zote ni za kudakwa mpakani, warushaji hawana kitu na wapigaji wanajitoa wenyewe: anza kuangalia mpira, funga mkanda mpya, ongeza mshono. Zikiwa nyingi ni za vigingi kwa mipira iliyoburuzika chini, tatizo ni pichi: tafuta mahali palipobonyea, chokoa udongo uliolegea hadi ufikie mgumu, lowanisha kingo, jaza kwa udongo ule ule wa kichuguu ukiwa na unyevu, shindilia kwa nyundo ya mti kidogo kidogo, na upaache usiku mbili chini ya turubai kabla mtu hajapakanyaga. Usibadilishe mpira na mipaka juma moja, maana hutajua kipi kilichofanya kazi.